Shavu la Mpiga Zumari

Mzee aliingia katika chumba chetu cha kubadilishia nguo akidhani ni chumba cha daktari. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, cha pili nimekishika mkononi, na bado ilikuwa mapema kiasi kwamba hata mfagiaji alikuwa hajafika. Alivaa koti jeusi zuri, la sherehe, na shali ya sufu aliyoizungusha kutoka kidevuni hadi juu ya sikio, ingawa ulikuwa mwezi wa Mei na mji mzima wa Petrich ulikuwa umeshaanza kutoka jasho.

"Samahani, mwanangu," alisema bila kurudi nyuma. "Nimesikia hapa mtu anapasuliwa asubuhi, jioni yuko kwake anakula maharage. Ni kweli, au ni porojo za sokoni?"

"Inategemea anapasuliwa nini, mzee."

Akaifungua shali.

Chini ya sikio lake la kushoto, pale taya linapopinda, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai dogo. Nilinawa mikono, nikaushika. Ulikuwa mgumu, ukiteleza kidogo chini ya vidole, na nilipoubonyeza hakukunja uso.

"Umekuwa nao tangu lini?"

"Tangu Gulten aanze shule. Mjukuu wangu. Sasa amechumbiwa."

"Na miaka yote hiyo hukuja?"

"Nije kufanya nini?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupeleka kivuli chake hospitali. "Mimi ni mpiga zumari. Hili ni shavu la zumari."

Nilizaliwa katika bonde hili la mto Struma, kwa hiyo sikuhitaji aendelee. Wapiga zumari wetu, watu wa jamii ndogo ya Waroma wa mtaa wa chini, hawakati pumzi. Huvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kuisukuma, na wimbo mmoja unaweza kuanza mlangoni kwa bibi harusi usikatike hadi uwanjani. Miaka ikipita, hewa hujipenyeza kwenye njia yanakotokea mate, ikaingia ndani ya tezi, na uso ukavimba hadi sikioni. Ukiubonyeza uvimbe huo unalia kama povu la sabuni. Ukipumzika siku mbili tatu, unatoweka. Wenyewe huonea fahari. Asiye na shavu, wanasema, amejifunzia redioni. Basi mzee huyu, Feim Rustemov, alipovimba, wenzake walimpa mkono wa pongezi. Na uvimbe ulipokataa kuondoka, alijua sababu: alikuwa hapumziki, kila Jumamosi harusi.

"Nilidhani nimekuwa bingwa," alisema.

Kisha akaniambia kwa nini hawezi kulala hospitali, hata kwa siku moja. Kule kwao mpiga zumari akilazwa, watu husema pumzi imemwisha. Wenye harusi hawasubiri apone. Wanakwenda kwa mwingine, na wakishaonja kwa mwingine hawarudi.

"Nikilala hapa, mwanangu, nitaamka nikiwa mzee. Nipasueni kama mnavyopasua, lakini jioni niwe kwangu."

Nilimpeleka kwa Daktari Karajova. Mwanamke huyu, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alikuwa ameanza kupasua matezi ya mate kwa utaratibu wa kwenda na kurudi siku ileile, na si wote hospitalini waliompenda kwa hilo. Wengine walisema anaharakisha. Yeye alisema mgonjwa asiye na sababu ya kulala hospitali ana sababu nyingi za kulala kwake. Hakuwa mtu wa kuropoka. Alimpima mzee moyo, mapafu na damu, akamchoma sindano nyembamba na kuvuta chembe chache za uvimbe, akamwambia arudi.

Majibu yalikuwa mema kwa sehemu. Haukuwa saratani. Lakini uvimbe wa aina ile, ukiachwa miaka na miaka, unaweza kubadili tabia, na huu ulikuwa umeshaachwa vya kutosha.

Aliporudi kuyachukua, Mzee Feim alikaa kitini, magoti pamoja, kama mwanafunzi.

"Nieleze bila kunificha," alisema.

Daktari Karajova alinisogeza, akaweka kidole chake chini ya sikio langu mimi.

"Hapa ndipo mshipa wa fahamu wa uso unapotokea. Unapita katikati ya tezi na kugawanyika matawi. Tawi hili linafumba jicho. Hili linainua shavu. Na hili la chini linashika kona ya mdomo. Uvimbe wako umelikalia hili la chini."

"Kona ya mdomo," Mzee Feim alisema polepole. "Daktari, mimi ni kona hiyo. Ikivuja, hewa inatoka pembeni, na zumari inabaki kijiti."

"Najua. Sitalikata ila nikikuta kitu kibaya ambacho sindano haikukiona. Lakini hata nisipolikata, nikiligusa tu linaweza kuchoka. Mdomo utalegea kidogo, kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kwa kawaida unarudi."

"Kwa kawaida."

"Kwa kawaida. Siwezi kukuuzia zaidi ya hapo."

Aliitazama mikono yake.

"Nami nina mambo mawili," Daktari Karajova aliendelea. "La kwanza, mtu mzima aje nawe, akurudishe nyumbani, na akae nawe hadi asubuhi. Ukivimba shingo au ukitoka damu, anakuleta mbio."

"Yupo. Nazif. Anayenishikia sauti."

"La pili, baada ya upasuaji hupulizi. Wiki sita. Si zumari, si puto, wala moto wa jiko. Ukipuliza, hewa na mate vitarudi ndani ya kidonda na kukifumua, na mshipa uliochoka utachoka zaidi. Hapo ndipo watu hupoteza kilichokuwa kinarudi."

"Hata chai ya moto?"

"Ingoje ipoe kama watu wengine."

Mzee alicheka kwa pua.

"Mpe Radina neno lako," alisema Daktari Karajova, akinionyesha mimi. "Yeye ndiye atakayekufuatilia."

"Huyu wa kiatu kimoja?" Lakini alisimama, akauchukua mkono wangu kwa mikono yake miwili, na kicheko kilikuwa kimeshakwisha. "Wiki sita sipulizi. Umesikia, daktari mdogo. Nimesema."

Nazif alikuja naye siku ya upasuaji, mtu mrefu, mwembamba, amebeba mfuko wa nyanya na mkate kana kwamba wanakwenda kulima. Muuguzi alimuuliza ni nani wake mgonjwa.

"Mimi ni pumzi yake ya pili," alisema Nazif.

"Yaani ndugu?"

"Ndugu angenilipa vizuri zaidi. Yeye anapiga wimbo, dada yangu, mimi nashikilia sauti moja chini. Sauti moja! Miaka thelathini! Mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, nitamwambia: nimesema *uuuu*."

"Na ungeacha," Mzee Feim alisema kutoka kitandani, "ndipo wangejua upo."

"Lala, wewe. Leo hata jongoo anakushinda kupuliza."

Walicheka wote wawili. Kitanda kilipoanza kusukumwa, Nazif alitembea nacho hadi kwenye mlango ambao hakuruhusiwa kuupita, akasimama hapo na mfuko wake wa nyanya.

Nilikuwa msaidizi upande wa pili wa meza. Kazi yangu ilikuwa kushikilia ngozi iliyofunuliwa na kufuta damu, na kazi hiyo ilinitosha. Daktari Karajova alichana mbele ya sikio na kushuka kwenye mkunjo wa shingo, mahali kovu hujificha. Akaenda polepole hadi akaupata mshipa wenyewe, mweupe, mwembamba kuliko kamba ya kiatu, ukitoka gizani nyuma ya tezi. Kila chombo chake kilipokaribia sana, mashine iliyounganishwa na uso wa mzee ilitoa mlio mfupi, naye alisimamisha mkono.

Matawi ya juu yalikuwa huru. La chini lilikuwa limejitandaza juu ya uvimbe, limebanwa na kuwa bapa kama utepe juu ya zawadi. Ingekuwa rahisi kuvitoa vyote pamoja. Ingekuwa haraka, na hakuna ambaye angemlaumu. Daktari Karajova aliomba kiti, akakaa. Alilibandua tawi lile kidogo kidogo, muda mrefu, bila kusema neno, na mashine ikalia, ikanyamaza, ikalia. Nilikuwa nimesoma kuhusu subira katika vitabu vya darasani. Pale niliiona ikiwa na mabega, na mabega yalikuwa yanatetemeka kidogo kwa uchovu.

Uvimbe ulitoka mzima, ndani ya ganda lake. Tawi lilibaki, jembamba, limekunjamana.

"Lipo," alisema. "Mengine si yetu."

Mchana Mzee Feim alipozinduka vizuri, tulimwomba akunje paji la uso. Alikunja. Afumbe macho. Alifumba. Atuonyeshe meno.

Upande wa kulia wa mdomo ulipanda. Upande wa kushoto ulianza kufuata, ukaachia njiani.

Hakuomba kioo. Alitazama nyuso zetu tu, akajua. Aligusa kona ile kwa kidole kimoja, akaukuta unyevu, akaupangusa.

"Mshipa ni mzima, Mzee Feim," Daktari Karajova alisema. "Nimeuacha mzima. Umechoka. Upe nafasi."

"Wiki sita," alisema, na maneno yalitoka yamepinda.

"Wiki sita."

Jua lilikuwa halijazama alipotoka. Alikuwa na mrija mwembamba shingoni ulioingia kwenye kichupa cha plastiki cha kukusanya damu, kichupa kimefichwa chini ya shali, na Nazif akihesabu kwa vidole yote tuliyomwagiza. Mtaani yeye na Nazif walisema ni jino. Mzee Feim aling'olewa jino, jino lilikuwa baya, ndiyo maana amevimba. Watu waliitikia, mmoja akamletea supu.

Asubuhi iliyofuata walirudi. Nazif alikuwa na macho mekundu; hakuwa amelala hata kidogo. Nilivuta mrija, nikafunga bandeji. Baadaye nikatoa nyuzi. Kovu lilikuwa zuri, mstari tu mbele ya sikio, anayejua ndiye angeliona. Lakini kila alipokunywa kahawa pale mezani kwangu, tone moja lilimponyoka kushoto, na kila mara alilipangusa haraka, kama mtu anayeficha karata.

Wiki ya tatu nilidhani naona kona ikisogea. Sikumwambia. Wiki iliyofuata aliniambia yeye.

"Asubuhi nikinyoa," alisema, "inataka. Haijaweza, lakini inataka."

Nilifurahi hadi nikamkumbatia, jambo ambalo daktari hapaswi kufanya. Halafu akaniambia la pili, lililomleta kabla ya siku yake.

Harusi ya Gulten ilikuwa imepangwa mwezi wa Septemba. Sasa mchumba wake alikuwa amepata kazi Ujerumani, kwenye ghala, na lazima aripoti mapema. Wazazi wa pande mbili walikuwa wamekaa na kusogeza siku. Harusi ingekuwa Jumamosi inayokuja.

"Nipunguzie zile wiki," alisema.

"Mzee Feim."

"Wimbo mmoja tu. Ule wa mlangoni. Unajua desturi yetu: bibi harusi havuki kizingiti mpaka zumari ya nyumba yao imwite. Nimewaita watoto wa mtaa mzima. Binti za watu nisiowapenda nimewaita. Huyu ni wangu."

"Wimbo wa mlangoni ni mrefu."

"Nitaufupisha."

"Hujawahi kuufupisha."

Nilitamani sana kusema ndiyo. Nilijua anachoomba, na nilijua pia tawi lile jinsi nilivyoliona, limekunjamana, juu ya kitambaa cha kijani.

"Kama ningeweza kukupunguzia ningekupunguzia," nilisema. "Mshipa haujui kama kuna harusi."

Aliinuka, akafunga koti.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Utakula." Akaondoka, na sikujua kama amenialika kama mgeni au kama shahidi.

Jumamosi mtaa wa chini ulijaa hadi kwenye njia. Moshi wa pilipili zinazochomwa ulitanda juu ya ua. Ukoo wa bwana harusi ulikuwa umekuja na magari yaliyofungwa taulo nyekundu, na mbele yao alikuwa mjomba wa bwana harusi, Rasim, mtu mwenye sauti ya kuuza matikiti. Mzee Feim alisimama karibu na kizingiti, amevaa koti lake jeusi, zumari mkononi. Nazif alikuwa bega kwa bega naye na ya kwake. Mpiga ngoma alikuwa kando, fimbo zimetulia, kwa sababu wimbo ule hauna ngoma.

Ndani ya nyumba Gulten alikuwa tayari. Kupitia mlango uliofunguliwa niliona ukingo wa shela yake, na mkono wa mama yake ukiinyoosha.

Watu walimngoja.

Mzee Feim aliinua zumari, akailowesha midomoni. Niliona shavu lake la kulia likijaa, na la kushoto likitetemeka, likianza kujaa. Alikuwa amenitazama nilipofika, sasa hakunitazama tena. Nilisimama kati ya wanawake wenye sahani na sikufungua mdomo. Neno lilikuwa lake, hata kama alinipa mimi nimtunzie.

Mashavu yalishuka. Akaishusha zumari.

"Vipi, Mzee Feim?" Rasim alipaza sauti. "Daktari wa meno alikung'oa jino au alikung'oa pumzi?"

Watu walicheka. Si kwa ubaya. Siku ya harusi watu hucheka.

"Mpeni kinywaji!" mwingine alisema. "Kinywa kimemkauka!"

"Au hatupendi sisi," alisema Rasim. "Anaona binti tumempata rahisi. Mzee, kama hutaki kumtoa sema, sisi tutangoja hapa hapa, maharage yapo!"

Nazif aliegemea kwake, akamnong'oneza. Nadhani alimwambia apulize kidogo tu, au ashike zumari na kuchezesha vidole, yeye Nazif apige kwa wote wawili. Katika zogo lile nani angejua? Mzee Feim alikataa kwa mkono. Kisha akageuza uso, akasukuma nywele nyuma ya sikio la kushoto, ili mstari uonekane.

"Sikung'olewa jino," alisema. "Nilipasuliwa. Hapa. Uvimbe mliokuwa mkiusifu haukuwa hewa. Ulikuwa nyama."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nimekatazwa kupuliza, na muda wangu haujaisha. Nimempa mtu neno. Pumzi itarudi au haitarudi, hata waliopasua hawajui. Leo sipigi."

Niliwaona watu wakimtazama mdomo. Walikuwa wameshauona siku nyingi ule mpindo, kila mmoja kwa siri yake, na sasa wote waliruhusiwa kuuona pamoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nami alisema chini chini, "Basi imemwisha," akamfunika mtoto wake masikio kana kwamba ni ugonjwa unaosikika.

Rasim alikuwa mtu wa biashara hata harusini. Alikohoa, akamgeukia Nazif pale pale.

"Sasa ile harusi ya mwanangu, mwezi wa Septemba... wewe Nazif, una nafasi?"

Uso wa Nazif ulibadilika rangi. "Muulize yeye. Mlimwalika yeye."

"Yeye amesema hajui kama..."

"Nimesema muulize yeye!"

"Nazif," alisema Mzee Feim. "Mwanamume anakuuliza. Mjibu."

"Ninayo," alisema Nazif, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Vizuri. Sasa anza. Mtoto amesimama kwa muda mrefu."

"Mimi sijui kuuanza, Feim. Mimi najua kushikilia."

"Umeusikia mara ngapi?"

"Kuusikia si..."

"Anza, ndugu yangu. Usinifanye nikuombe mbele ya Rasim."

Nazif aliinua zumari. Hakukuwa na wa kumshikia sauti ya chini, kwa hiyo wimbo ulitoka peke yake, bila sakafu, na aliuanza kwa kasi mno, kama mtu anayekimbia mvua. Mzee Feim aliweka kiganja mgongoni mwake. Hakupiga mdundo, alikiacha tu pale. Wimbo ukapunguza mwendo. Kulikuwa na noti moja aliyoikosa, kila mtu mtaani aliisikia, kisha akaipata ile inayofuata, na inayofuata, na wanawake waliokuwa na sahani wakaanza kulia kama inavyotakiwa.

Gulten alifika kwenye kizingiti. Alimtazama Nazif, akamtafuta babu yake, akaona zumari yake iko chini, na mguu wake ukasimama.

"Babu," alisema. "Umepasuliwa na hukuniambia?"

"Toka kwanza. Tutagombana njiani."

"Sitoki."

"Gulten. Nazif hana pumzi ya kungoja ugomvi wetu. Mtazame alivyo mwekundu."

Alicheka na kulia pamoja, akampa mkono. Mzee Feim alimvusha kizingiti, midomo yake imefumbwa kabisa, kona ya kushoto ikilegea, na hakuinua mkono kuificha. Walipita katikati ya watu hadi langoni. Huko ngoma iliingia, magari yakapiga honi, na Rasim akaanza kucheza akiwa mbele, kwa sababu kwake mambo yalikuwa yameshakwisha.

Watu walimfuata bibi harusi barabarani. Sauti ya Nazif ilikuwa mbele yao wote, imepata nguvu sasa, karibu nzuri. Mzee Feim alibaki kwenye nguzo ya lango akiisikiliza. Nilikwenda nikasimama karibu naye.

"Pale anaharakisha," alisema. "Pale kwenye mpindo wa wimbo. Nitamwambia."

Nilimshika mkono.

"Imebaki kiasi gani, daktari mdogo?"

"Wiki na kidogo."

"Hicho kidogo nacho ni lazima?"

"Ni lazima."

Alipangusa mate kwenye mdomo wa zumari, akaisukuma ndani ya koti.

"Basi na hicho kidogo," alisema, akashuka njia polepole nyuma ya harusi ya mjukuu wake, akivuta hewa kwa pua.